UZI: Mpwa kakubaliwa kusoma digrii ya filamu Marekani. Ada, kipato na hizi chati za rangi za wanafunzi, mbona hazikai sawa?

#1 MjombaBohari
Wakuu habari zenu. Niende kwenye hoja.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, kazaliwa hukuhuku Marekani, amekubaliwa vyuo viwili kusomea filamu. Kimoja cha binafsi, jina kubwa, ada peke yake inapita dola 60,000 kwa mwaka kabla hajala wala kulala. Kingine ni cha jimbo lake, ada haifiki hata robo ya hiyo. Dada kanikabidhi mimi suala hili eti ndiye mtu wa hesabu kwenye ukoo. Nilikuwa karani wa bohari tu.

Nimeingia kwenye College Scorecard, ile tovuti ya Wizara ya Elimu ya huku. Nimekuta maajabu. Deni la mhitimu wa filamu kwenye chuo cha bei mbaya na kwenye chuo cha bei chee yanakaribiana. Kipato cha miaka ya mwanzo kinasikitisha kote kuwili. Halafu chati ya mchanganyiko wa wanafunzi kwa asili zao, weupe, weusi, Walatino na wengine, chuo cha bei mbaya kina rangi zote, ungedhani ni Umoja wa Mataifa.

Mimi nasema digrii ya filamu ni starehe ya watoto wa wenye nacho, na hizo chati ni pambo la ukutani. Nipingeni.

#2 SitiYaMbele
Nimekaa mbele na bisi zangu. Wajuzi waje.

#3 FundiTaa
Mjomba, uko sahihi hata kabla sijamaliza kusoma. Mimi ni fundi taa, mwaka wa 14 huu, sijakanyaga chuo. Nilianza kwa kubeba mifuko ya mchanga ya kushikilia stendi. Mwongozaji Quentin Tarantino alikuwa muuza duka la kukodisha kanda za video. Mwongozaji mwenzake Christopher Nolan alisoma fasihi ya Kiingereza pale University College London, filamu aliijifunzia kwenye klabu ya chuo. Chukua ada ya mwaka mmoja tu, mnunulie mtoto kamera, lenzi tatu na gari la kubebea vifaa.

#4 BintiMkasi
Kila uzi wa filamu lazima atokee mtu wa Tarantino, nilikuwa nahesabu tu bandiko la ngapi. Imekuwa la tatu.

Waongozaji waliosoma wapo: Spike Lee na Martin Scorsese, Chuo Kikuu cha New York (NYU). Ryan Coogler, Chuo Kikuu cha Kusini mwa California (USC). Barry Jenkins, Florida State, chuo cha jimbo hicho, na ndicho kinachojulikana kwa kulipia gharama za filamu za wanafunzi wake. Wauza maduka ya kanda walikuwa maelfu kwa maelfu, FundiTaa. Hao wengine mbona huwataji?

Mimi ni mhariri, nina hiyo digrii. Sijutii, ila sikumshauri mdogo wangu aisome.

#5 FundiTaa
@BintiMkasi hiyo sentensi ya mwisho imenimalizia kazi. Asante dada.

#6 MkopoSugu
Mjomba, hilo la deni kulingana halina muujiza wowote. Serikali ina kikomo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetegemea wazazi anakopeshwa 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu, 7,500 wa nne. Jumlisha wewe mtu wa bohari: 27,000. Awe chuo cha bei mbaya, awe cha bei chee, ukuta ni uleule. Ndiyo maana namba zinakaribiana.

Kinachozidi hapo kinabebwa na nani? Mzazi. Kuna mkopo unaitwa Parent PLUS, unaandikwa kwa jina la baba au mama, na hauingizwi kwenye ile namba ya deni la mhitimu. Mikopo ya benki binafsi nayo haimo. Kwa hiyo ulichokiona ni deni la mtoto, la nyumba nzima hukuliona.

#7 MjombaBohari
Subiri kidogo. Unaniambia dada yangu ndiye atakayedaiwa?

#8 MkopoSugu
Akisaini, ndiyo. Ila kwanza usiangalie ada ya kwenye tangazo, angalia bei inayobaki baada ya kutoa ruzuku. Mkijaza ile fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa serikali kuu, familia ya kipato cha chini inaweza kukuta chuo cha binafsi kimekata zaidi ya nusu. Na inaweza isikute. Barua ya msaada ndiyo inayosema ukweli. Hata hiyo muisome kwa makini, maana wengine wanaandika mkopo kwenye safu moja na ruzuku, jumla inaonekana nono, kumbe nusu yake utairudisha na riba.

#9 KipazaSauti
Kuhusu kipato naona mnasahau jambo jepesi. Watu wa filamu ni deiwaka. Leo tangazo la biashara siku mbili, wiki ijayo hakuna, mwezi ujao tamthilia siku 20. Hawana mwajiri mmoja, na Scorecard inahesabu mishahara ya fomu W-2 tu, ile anayotoa mwajiri. Vibarua wote hawamo. Namba haina maana.

#10 MkopoSugu
@KipazaSauti hapo umeteleza. Wanajumlisha W-2 pamoja na mapato ya kujiajiri yaliyotangazwa kwenye kodi. Unazozifikiria ni takwimu za Idara ya Kazi, zile za mishahara kwa kila fani. Zile ndizo hazihesabu waliojiajiri.

Lakini ya kujiajiri wanachukua faida, yaani baada ya kutoa gharama. Na hapo ndipo pana mambo.

#11 BintiMkasi
Mambo kwelikweli. Mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo niliingiza kama 31,000, zote vibarua, fomu za 1099 kutoka kwa watu tisa tofauti. Nikatoa kompyuta, diski za kuhifadhia, programu ya kuhariria, mafuta ya gari, bima. Ikabaki 13,000 na ushee. Kwa macho ya wizara mimi nilikuwa fukara. Na kusema kweli nilikuwa fukara, ila si kwa kiasi kile.

Mwaka wa tatu nikaajiriwa na kampuni inayotengeneza video za mafunzo ya usalama kazini. Jinsi ya kunyanyua boksi bila kuumiza mgongo. Namba yangu ikapaa. Sasa hapo digrii imenilipa au filamu imenitoroka? Sijawahi kujijibu.

#12 FundiTaa
Ile video ya kunyanyua boksi nimeionaaa! Walituonyesha ghalani. Kumbe wewe 😂

#13 SitiYaMbele
Bisi zimeisha, naongeza.

#14 MgeniWaF1
Naomba niwaharibie hesabu zaidi. Mimi nilikuja na viza ya masomo, nikasoma filamu, nikamaliza. Kwenye chati ya kipato simo, kwa sababu wanafuatilia wale tu waliopata msaada wa serikali kuu na mgeni haupati. Mtoto wa tajiri aliyelipiwa taslimu bila kujaza fomu naye hayumo. Kwa hiyo ile namba ni ya wale waliohitaji msaada peke yao.

Na kwenye chati ya rangi, mimi mweusi tii hivi, sikuhesabiwa mweusi. Wageni wote tunatiwa chungu kimoja, "asiye mkazi". Darasani tulikuwa 18. Mimi, dada mmoja wa Brazil, wawili wa Uchina, mmoja wa India. Kwenye chati sisi watano ni kipande kimoja cha kijivu. Weusi wenye uraia wa huku walikuwa wawili. Kwa hiyo Mjomba, ukitaka kujua huo Umoja wa Mataifa umejengwaje, tazama kile kipande cha kijivu kina upana gani. Sisi hatupewi ruzuku ya serikali, wengi tunalipa bei kamili, na vyuo vinajua.

#15 KipazaSauti
Ongeza na udogo wa madarasa. Wakihitimu 20, mtu mmoja ni asilimia 5. Mwaka huu wamehitimu Walatino wanne, chuo kinatangaza asilimia 20. Mwakani mmoja. Mtu anachora mstari unaoshuka na kuandika makala ya masikitiko.

(@MkopoSugu nimekubali sahihisho, sina kinyongo.)

#16 MjombaBohari
@MgeniWaF1 baada ya kumaliza ukafanya nini? Nauliza kwa faida ya wengine.

#17 MgeniWaF1
Unapewa miezi 12 ya kufanya kazi kwenye fani yako, inaitwa OPT. Ndani yake huruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Kwa mhasibu siku 90 ni nyingi. Kwa mtu wa seti, ambako kazi ni siku tatu hapa na nne pale, zinayeyuka. Nilikuwa na daftari dogo la jalada jekundu, kila usiku naandika: leo kazi, leo hakuna. Nilifika 71. Nilichukua vibarua vya kufunga barabara kwa koni, nimevaa fulana ya kung'aa, digrii iko kwenye begi.

Nilirudi. Sasa napiga picha za matangazo, maisha yanaenda.

#18 Panya_wa_Maktaba
Mbona binamu yangu alisoma filamu akaongezewa miezi 24 mingine? Filamu ni fani ya sayansi na teknolojia siku hizi.

#19 MgeniWaF1
Binamu yako alisoma uhuishaji. Kila fani ina namba yake ya serikali. Utengenezaji wa filamu ni 50.0602, haimo kwenye orodha ya nyongeza. Uhuishaji wa kompyuta na madoido maalumu ni 10.0304, hiyo imo. Masomo yanaweza kufanana, mwalimu akawa yuleyule, lakini namba iliyochapwa kwenye fomu ya I-20, ile chuo kinayompa mwanafunzi mgeni, ndiyo inayoamua unabaki miaka mitatu au mmoja. Kabla ya kuuliza chuo kina kamera gani, uliza namba.

#20 MwalimuMstaafu
Wanangu, mnaongea kana kwamba suala la nani anaketi kwenye darasa la filamu limeanza na hizi chati. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA) mwishoni mwa miaka ya 1960 waliamua kwa makusudi kuingiza wanafunzi weusi, Walatino, Waasia na wenyeji asilia. Waliopita pale miaka hiyo na iliyofuata ni pamoja na Haile Gerima kutoka Ethiopia, Charles Burnett na Julie Dash. Burnett alipiga filamu yake ya kuhitimu siku za mwisho wa wiki, akiwatumia majirani, kwa chini ya dola 10,000. Akaiwasilisha 1977.

Hakuna chati iliyoweza kutabiri darasa lile. Lakini pia hakuna aliyetajirika haraka. Gerima alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Howard miongo mingi.

#21 BintiMkasi
Shikamoo Mwalimu. Umesahau kipande kinachouma: filamu hiyo ya Burnett haikuweza kuuzwa rasmi kumbini mpaka 2007, kwa sababu muziki uliomo haukuwa umelipiwa haki. Miaka 30! Walipokuja kuzilipia haki hizo zilizidi bajeti ya filamu nzima mara nyingi.

#22 MwalimuMstaafu
Marahaba binti. Sikusahau, nilikuachia.

#23 KipazaSauti
Hili la muziki limenikumba mimi. Filamu ya kuhitimu, dakika 12, nikatia wimbo mmoja niliolelewa nao. Tamasha likanikubali, wakaomba karatasi ya haki. Sina. Nikamlipa jamaa wa kinanda usiku wa manane atunge kitu "kinachofanana lakini kisifanane". Kinafanana na kengele ya mlango.

#24 FundiTaa
Tuwekeeni tusikie 😂😂

#25 DolaNaSenti
Nimesoma yote. Mnazungumza rangi, hakuna aliyetaja tabaka, na tabaka ndilo linaloonekana mkifika kwenye filamu ya kuhitimu. Chuo changu kilitoa kamera, taa na chumba cha kuhariria. Chakula cha kikosi, vibali vya kupigia barabarani, bima, mavazi, petroli ya lori, juu yako. Nilikopa kwa shangazi dola 2,800. Siku tatu, chumba kimoja, waigizaji wawili. Mwenzangu wa darasa moja nami, familia yake ilimlipia krini ya kamera na siku tisa. Zote mbili zilionyeshwa usiku mmoja, skrini moja, mbele ya wageni walewale wa tasnia. Naye alikuwa mweusi kama mimi. Kwenye chati tuko safu moja.

Siku ya pili ya upigaji kijana wa sauti alizima friji la mwenye nyumba kwa sababu ya mvumo wake. Akasahau kuliwasha. Asubuhi nyama ya kikosi kizima imeharibika. Dola 140 zilikwenda hivyo, na ndizo zilizokuwa zimebaki.

#26 FundiTaa
Pole sana. Fundi sauti mzoefu akizima friji anaweka funguo za gari lake ndani ya friji. Hawezi kuondoka bila kulikumbuka. Hilo nimejifunza bure, bila dola 60,000.

#27 DolaNaSenti
Nilijifunza kwa dola 140, FundiTaa.

Turudi. Ukitaka kuona tabaka, tafuta asilimia ya wanaopata ruzuku ya Pell, ile ya familia za kipato cha chini, kiwango cha juu 7,395 kwa mwaka. Shida ni kwamba Scorecard inaitoa kwa chuo kizima, haitenganishi idara ya filamu.

#28 Panya_wa_Maktaba
Na kazi za kujitolea? Mwenye wazazi anaweza kufanya miezi sita bila malipo Los Angeles, asiye nao hawezi. Ila nadhani ilipigwa marufuku, kuna vijana waliishtaki kampuni ya filamu ya Fox Searchlight wakashinda.

#29 MkopoSugu
Walishtaki 2011, 2013 jaji akawapa haki, 2015 mahakama ya rufaa ikaitengua ile hukumu na kuweka kipimo kingine: nani anafaidika zaidi, kijana au kampuni. 2016 wakamalizana nje. Kwa hiyo marufuku hakuna. Kilichobadilika ni kwamba kampuni kubwa nyingi ziliogopa zikaanza kulipa, na nafasi zikapungua.

#30 MrefuKuliko
Mimi naona mnazunguka. Kipato ni kidogo kwa sababu wahitimu ni wengi na viti ni vichache, basi. Kila mwaka vyuo vinamwaga waongozaji. Hivi mmewahi kuona tangazo la kazi limeandikwa "anatakiwa mwongozaji"?

#31 BintiMkasi
Wengi ndiyo, lakini hiyo peke yake haitoshi. Waandishi waligoma tangu Mei 2 hadi Septemba 27, 2023, siku 148, na waigizaji wakaungana nao Julai mpaka Novemba. Baada ya mgomo kazi hazikurudi kwa kiwango cha zamani, kampuni za kuonyesha filamu mtandaoni zilikuwa zimeshaanza kubana matumizi. Aliyehitimu Mei 2023 aliingia sokoni duka limefungwa. Kipato chake kikija kwenye chati, utalaumu chuo?

#32 FundiTaa
2023 niliuza jenereta. Sitaki kuikumbuka. Na mimi sina digrii, kwa hiyo hapo chuo hakina lawama, nakubaliana na dada kwa mara ya kwanza.

#33 MrefuKuliko
Chati zilikuwa mbaya hata kabla ya mgomo.

#34 Panya_wa_Maktaba
Vipi akisoma kitu kingine shahada ya kwanza, kisha filamu shahada ya pili?

#35 MkopoSugu
Huko ndiko kwenye shimo. 2021 gazeti la Wall Street Journal liliandika kuhusu wahitimu wa uzamili wa filamu wa Chuo Kikuu cha Columbia: waliokopa serikalini, deni la kati (nusu wanadaiwa zaidi, nusu pungufu) lilikuwa dola 181,000, na miaka miwili baadaye nusu yao walikuwa chini ya 30,000 kwa mwaka. Ngazi ya uzamili haikuwa na ukuta kama ule wa 27,000, ulikopa mpaka gharama yote ya chuo. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeweka ukuta kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026: 20,500 kwa mwaka, 100,000 jumla.

#36 DolaNaSenti
Na mimi naogopa huo ukuta. Ada isiposhuka, maskini ndiye atakayeachwa nje, tajiri hakuwa akikopa. Wengine watasema ada itashuka. Haya.

#37 MwalimuMstaafu
Nani kasema lazima iwe Marekani? Waongozaji Souleymane Cissé na Abderrahmane Sissako walisoma shule ya filamu ya VGIK, Moscow. Leo Berlin kuna dffb, shule ya filamu isiyotoza ada ya masomo. Shule ya filamu ya FAMU, Prague, ukisoma kwa Kicheki, bure.

#38 SitiYaMbele
Mwalimu, kwa Kicheki? Nimejaribu sasa hivi kutamka ile r yao yenye kofia, bisi zimenipalia.

#39 MgeniWaF1
Bure ya ada, sio ya kodi ya chumba. Na dffb wanachukua wachache sana, mchujo wake si wa mchezo.

#40 MjombaBohari
Wakuu, nimechapa uzi wote nikampa mpwa asome. Kacheka kwenye friji, kanyamaza kwenye 181,000.

Amesema maswali yangu mimi ni ya bohari na ameandika yake. Kawaandikia vyuo vyote viwili: filamu ya kuhitimu inalipiwa na nani, hakimiliki inabaki kwa nani, na wale wanafunzi wanaoondoka kabla ya mwaka wa nne ni akina nani. La tatu sikulifikiria. Kwenye chati zote nilizotazama nilikuwa nasoma rangi za waliohitimu, sikuwahi kujiuliza waliingia wangapi.

Chuo cha jimbo kimejibu mawili ndani ya siku moja: chuo kinatoa vifaa na bima, mengine juu ya mwanafunzi, hakimiliki ni yake. Chuo cha bei mbaya kimemtumia kijitabu chenye picha nzuri. La tatu hakuna aliyejibu bado.

#41 BintiMkasi
Huyo mtoto mpeni uhariri. Anajua mahali pa kukata.

#42 FundiTaa
Akipata siku mbili za mwisho wa wiki anitafute, nina mifuko ya mchanga. Nalipa.

#43 Chelewa_Chelewa
Habari wakuu, nimeingia sasa hivi, nimesoma bandiko la kwanza tu. Mjomba, mbona deni la vyuo vyote viwili linalingana?

#44 SitiYaMbele
😂😂😂 Rudi namba 6 mkuu.